Safari ya siku 3 porini kwa ajili ya kujifunza: mwongozo kwa viongozi wa vijana

Kuwapeleka vijana porini si kazi ngumu. Kazi ni kuhakikisha wanarudi wakiwa wamegundua jambo kuhusu nafsi zao na wenzao, jambo litakalowafaa nyumbani na darasani. Wengi hudhani mlima, mto na uchovu vinafundisha vyenyewe. Havifundishi. Kijana anaweza kufika kileleni, akashuka, na kilichobaki kikawa maumivu ya magoti na picha kwenye simu. Anayejifunza ni yule aliyepewa uamuzi wa kweli, akayaona matokeo yake, kisha akapata muda wa kuyazungumza kabla ya kujaribu tena.

Shule ya kwanza ya Outward Bound, shirika la kufunza vijana kupitia safari za nje, ilifunguliwa Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na mwalimu Kurt Hahn pamoja na mwenye meli Lawrence Holt. Vijana wengi waliofika pale walikuwa wa ubaharia, lakini Holt alisisitiza kwamba bahari ni njia ya kufunzia, si shabaha ya mafunzo. Msimamo huo ndio unaoongoza hatua zote zilizo hapa chini.

Mwongozo unalenga kundi la washiriki 10 wenye umri wa miaka 14 hadi 18, viongozi 2 au 3, siku 3 na usiku 2, kwa miguu. Wakipungua chini ya 6, majukumu yanawalemea wachache. Wakizidi 12, wapo watakaojificha nyuma ya wenzao, na mstari njiani unakuwa mrefu kiasi kwamba wa mbele hasikii wa nyuma. Kiongozi 1 peke yake hatoshi hata kwa kundi dogo: mtu akiumia, mmoja abaki na majeruhi na mwingine awaangalie waliosalia. Angalau mmoja awe na mafunzo ya huduma ya kwanza ya mazingira yaliyo mbali na hospitali, na yasiwe yamepitwa na wakati.

Hatua ya 1: Andika lengo linaloonekana kwa macho

"Kujenga kujiamini" si lengo, kwa sababu huwezi kuliona likitimia. Andika kitendo: "Kila mshiriki ataongoza kundi kwa muda wa saa 1 na kuamua njia penye panda." Au: "Kila mshiriki ataomba msaada angalau mara 1 kabla hali haijamharibikia." Malengo 2 yanatosha kwa siku 3.

Kisha lifungie kila lengo kwenye sehemu ya safari inayolilazimisha. Ukitaka vijana wafanye uamuzi, chagua njia yenye njia panda kadhaa, kwani njia moja iliyonyooka haina cha kuamua. Ukitaka waombe msaada, wape kazi ambazo mtu mmoja hawezi kuzimaliza, kama kusimamisha turubai kwenye upepo.

Hatua ya 2: Itembee njia kabla yao

Ramani haitoshi. Nenda mwenyewe, katika msimu uleule wa safari, kwa sababu kijito cha kiangazi huwa mto wakati wa mvua. Andika mahali penye maji, kivuli, mtandao wa simu, sehemu za kutokea hadi barabarani, na kila mahali ambapo mtu akiteleza ataanguka zaidi ya kimo chake.

Kwa muda, anza na kanuni ya William Naismith wa Uskoti ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kasi ya mtu mzima mzoefu. Kwa vijana wenye mizigo, hesabu kilomita 3 kwa saa. Mfano: siku ya kilomita 9 yenye mwinuko wa mita 450 ni saa 3 za mwendo, jumlisha dakika 45 za kupanda, jumlisha mapumziko ya dakika 10 kila saa, jumla ni kama saa 4 na dakika 25. Weka dakika 45 za chakula na dakika 45 za kusimama wakibishana juu ya ramani (mabishano hayo ndiyo somo lenyewe, usiyakate). Wakiondoka saa 3 asubuhi watafika karibu saa 9 alasiri. Kundi linatakiwa kuwa kambini walau muda wa saa 2 kabla ya jua kuzama. Wakichelewa wanapika gizani, na vidole huungua.

Gawa umbali hivi: siku ya kwanza kilomita 5 au 6, ya pili 9, ya tatu 6 au 7. Kosa la kawaida ni kuifanya siku ya kwanza kuwa ngumu ili "kuwapima". Kijana aliyechoka kupita kiasi siku ya kwanza hutumia siku mbili zinazofuata akijilinda, na anayejilinda hajifunzi.

Hatua ya 3: Tenganisha hatari halisi na hatari inayohisiwa

Kushuka mwamba kwa kamba, mshiriki akiwa amefungwa vizuri na kiongozi mwenye ujuzi, kunatisha sana lakini hatari yake ni ndogo. Kuvuka mto wa maji meusi yaendayo kasi hakumtishi kijana hata kidogo, na kunaua. Kazi yako ni kuacha hofu ya kiasi ibaki, huku ukipunguza hatari halisi kadiri inavyowezekana. Kwa kila sehemu ya njia andika: nini kinaweza kutokea, uwezekano wake, ukubwa wa madhara, na utakachofanya. Haya ndiyo yanayodhuru zaidi kuliko watu wanavyofikiri:

Maji yaendayo kasi. Yakifika juu ya goti, msivuke. Subirini au zungukeni. Mkivuka, vaeni viatu na fungueni mikanda ya shanta ya kiunoni na kifuani, ili mtu akianguka aweze kulitupa badala ya kuzamishwa nalo. Angalieni kwanza kilichoko upande maji yanakoelekea: miti iliyolala majini hunasa mtu.

Radi. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30, ondokeni kwenye kilima na kwenye mti uliosimama peke yake, tawanyikeni mita 15 au zaidi, na msirudi njiani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Joto na maji ya kunywa. Nusu lita kwa saa ya kutembea ni kipimo cha kuanzia, na joto likizidi inaweza kufika lita 1. Lakini usimlazimishe mtu kunywa bila kiu na bila chakula chenye chumvi. Maji mengi mno hupunguza chumvi mwilini, naye huanza kuumwa kichwa na kutapika mfano wa aliyepigwa na jua. Mtu mwenye joto kali anayeanza kuchanganyikiwa apozwe papo hapo kwa maji na upepo, ndipo mipango ya kumsafirisha ianze. Maji ya mtoni yachemshwe: dakika 1 ya kutokota, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000.

Baridi pamoja na unyevu. Anayetetemeka, kisha anaanza kujikwaa na kutamka maneno kwa tabu, avuliwe nguo zilizolowa na afunikwe mara moja. Jihadhari zaidi akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, maana mwili umeanza kushindwa.

Jikoni. Maji ya moto huumiza wengi katika safari za vijana. Mpishi apige goti, asikae amekunja miguu mbele ya jiko, kwa sababu sufuria ikipinduka hawezi kuruka. Kikombe kiwekwe chini ndipo kimiminiwe, kisishikwe mkononi.

Hatua ya 4: Afya na mawasiliano

Fomu ya kila mshiriki iulize mzio, pumu, kifafa, kisukari, dawa anazotumia, mifupa iliyowahi kuvunjika, na kama hivi karibuni amepatwa na msiba au msongo mkubwa wa mawazo. Swali hili la mwisho husahauliwa, na ndilo litakaloamua nani asiachwe peke yake siku ya pili. Dawa za dharura, kama za pumu, ziwe mbili: moja kwa mwenyewe, nyingine kwa kiongozi. Mzazi au mlezi atie sahihi baada ya kuelezwa wazi kitakachofanyika.

Acha nakala ya njia, majina na namba za simu kwa mtu mmoja asiye safarini, pamoja na saa maalumu: "Ikifika saa 2 usiku siku ya tatu hujapata habari zetu, wapigie waokoaji." Bila saa hiyo, atasubiri mpaka asubuhi kwa kuogopa kuonekana mwoga. Wafundishe washiriki wote ishara ya filimbi: mipulizo 6 ndani ya dakika 1, kimya dakika 1, kisha tena. Jibu ni mipulizo 3.

Hatua ya 5: Mizigo

Shanta lisizidi asilimia 20 ya uzito wa kijana. Mwenye kilo 50 abebe kilo 10. Ndani yake kuwe na mfuko wa plastiki mzito wa kukinga maji, seti 1 ya nguo za kutembea, na seti 1 kavu ya kulalia ambayo haivaliwi njiani hata iweje. Viatu viwe vimeshazoeleka mguuni. Tochi ya kichwani, chupa za lita 2, filimbi, koti la mvua, kofia. Kundi libebe ramani 2 na dira 2, turubai la mita 3 kwa 4, kamba ya mita 20, sufuria 2 kubwa, koleo dogo na sanduku la huduma ya kwanza. Chakula kikavu kiasi cha gramu 700 hadi 900 kwa mtu kwa siku.

Shimo la choo lichimbwe sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi.

Ngozi ya mguu ikianza kuuma, simameni hapohapo mfunike sehemu hiyo kwa plasta. Mweleze kila mmoja kwamba kunyamaza hapa si ushujaa, kwani lengelenge la kisigino litalichelewesha kundi zima.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, mkataba na mazoezi mepesi

Kabla ya kuondoka, kaeni duara. Waulize: "Mtu akifanya nini, utajisikia salama kujaribu jambo usiloliweza? Akifanya nini, utaacha?" Majibu ndiyo mkataba. Yabadilishe kutoka fadhila kuwa vitendo: badala ya "heshima", "hatumcheki aliyeanguka". Wayaandike wenyewe, watie sahihi, na karatasi isafiri nao. Usiwape orodha uliyoiandaa nyumbani. Wataikubali haraka na kuisahau haraka vilevile.

Halafu zoezi la turubai. Watu 10 wasimame juu ya turubai la mita 2 kwa 2.5, waligeuze upande wa chini uwe juu bila mtu kukanyaga nje. Dakika 20. Akikanyaga mmoja, wote waanze upya. Ukiona wamemaliza ndani ya dakika 5, likunje liwe dogo zaidi. Wakikwama kabisa baada ya dakika 12, wape dakika 2 za kupanga bila kusimama juu yake. Mazoezi ya kufungwa kitambaa machoni au kujiangusha mikononi mwa wenzako hayafai saa za mwanzo. Imani haijajengwa, na mmoja akidondoshwa kwa mzaha umempoteza kwa safari yote. Mengi ya hayo yanaweza kuachwa kabisa.

Kuhusu kuchagua: kila mshiriki ana haki ya kuamua kiwango cha changamoto, lakini si haki ya kujiondoa kwenye kundi. Anayeogopa kushuka mwamba anaweza kushuka mita 2, au kuvaa vifaa tu, au kushika kamba ya mwenzake chini ya usimamizi. Wote wamo kazini. Jifunze kutambua aliyepita mpaka wa changamoto akaingia kwenye hofu kuu: pumzi fupi, macho yaliyoganda mahali pamoja, haitiki jina lake, au ghafla anacheka mno au anakasirika. Hapo usimtie moyo kwa kelele, wala usiwaruhusu wenzake wamshangilie. Shangwe ni shinikizo. Mshushe, mpe maji, mwache dakika 10, kisha muulize angependa hatua ipi ndogo.

Hatua ya 7: Siku ya pili, achia usukani

Siku ya kwanza unatembea mbele. Siku ya pili unatembea katikati au mwisho, na washiriki wanapokezana kuongoza, wawili wawili, kila saa 1. Siku ya tatu unabaki mita 50 nyuma, bado unawaona na kuwasikia. Usiwaachie kwenye sehemu ulizoweka alama ya hatari halisi katika hatua ya 2 na ya 3.

Wakipotea njia salama kwa dakika 20, waache. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kwa kiongozi mwenye ujuzi, maana jibu analo mdomoni. Ingilia kwa sababu tatu tu: usalama wa mwili, mtu anapodhalilishwa, au mazingira yanapoharibiwa. Kupoteza muda, chakula kuungua au hema kusimama kombo si sababu. Wakikuuliza "Hii ndiyo njia?", jibu kwa swali: "Ramani inaonyesha mto uwe upande gani wenu?"

Alasiri ya siku hiyo, waache wakae peke yao kwa muda wa saa 2 au 3. Wapange mita 50 hadi 80 mbalimbali, wasionane, nawe uwe na njia ya kupita kimya ukimwona kila mmoja kila baada ya dakika 30. Kila mmoja awe na maji, filimbi, koti, kitu cha kula, karatasi na kalamu, simu hapana. Usimnyime mtu chakula ili "aimarike". Wape swali moja tu, kwa mfano: "Tangu jana, ni wakati gani ulikuwa wewe hasa, na ni wakati gani ulikuwa unaigiza?" Yule aliyetaja msiba au msongo kwenye fomu, zungumza naye faraghani kabla, anaweza kukaa akikuona, au akaandika karibu na kambi. Wakirudi, dakika 15 za kwanza zisiwe na maswali.

Hatua ya 8: Kikao cha kutafakari

Hapa ndipo safari nyingi huanguka. Kikao huwekwa usiku wa mwisho, watu wamechoka, kiongozi anahutubia nusu saa, na vijana wanatoa maneno anayoyapenda: ushirikiano, uvumilivu, upendo. Tatizo la kwanza ni wakati. Anayegundua jambo usiku wa mwisho hana tena nafasi ya kulijaribu. Kwa hiyo fanya kikao kifupi kila siku, dakika 20 hadi 30, baada ya kula na kabla ya giza, na kingine cha dakika 5 papo hapo njiani panapotokea jambo zito.

Fuata maswali matatu kwa mpangilio: Nini kimetokea? Kina maana gani? Sasa tufanye nini? Usiruke la kwanza. Ukianza na "Mmejifunza nini?", utapata hotuba. Anza na mambo yaliyoonekana: "Tulipofika kwenye panda ya tatu, nani alizungumza kwanza? Nani alijua njia akanyamaza?" Ukimya utakaofuata uuache. Hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kusema tena. Mara nyingi mtu wa sekunde ya 8 ndiye mwenye neno. Kundi likiwa gumu, wazungumze kwanza wawili wawili kwa dakika 3.

Kisha maana: "Kunyamaza ukiwa na jibu, umewahi kukuona wapi kwingine?" Hapo ndipo darasa na nyumbani vinapoingia. Mwisho, tendo la kesho, dogo na lenye saa: "Kesho kwenye panda ya kwanza nitasema ninachofikiri kabla sijaulizwa." Liandikwe. Asubuhi mkumbushe kwa sauti ya chini, jioni muulize.

Usitumie kikao kutatua tatizo la kijana aliyefichua jambo zito la nyumbani. Mshukuru, funga mada kwa upole, na umwone faraghani. Asiahidiwe siri, kwa sababu kama amedhuriwa utalazimika kuwajulisha wanaohusika na ulinzi wa watoto.

Hatua ya 9: Kurudi, na wiki 6 baadaye

Kabla ya kuachana, kila mmoja aandike barua kwa nafsi yake: tendo moja atakalolifanya, wapi, na nani atamuuliza. Aitie kwenye bahasha yenye jina lake. Irudishe baada ya wiki 6, mkutane kwa muda wa saa 1 na kuuliza maswali yaleyale matatu. Waliokwama wasitahayarishwe, wengi wao waliandika tendo kubwa mno, kwa hiyo lipunguzeni hapohapo.

Viongozi nao wakae siku ileile ya kurudi, kabla ya kulala. Andikeni kila tukio lililoponea chupuchupu: jiwe lililoporomoka karibu na mtu, mshiriki aliyebaki nyuma bila kuonekana dakika 10, jiko lililopinduka bila kumwunguza mtu. Kwa kila moja andikeni saa, mahali, nani alikuwapo na kilichotangulia. Matukio hayo hujirudia kwa sababu zilezile, hasa uchovu wa mchana na haraka ya kufika. Mkishayaona yakijirudia mahali pamoja, badilisheni njia au saa ya kupita pale kabla ya kuandikisha kundi linalofuata.